Bustani ya michezo iliyofungwa, usiku: simama wapi, usiguse nini

Swali: Nasoma Berlin na napenda kupiga picha za usiku. Wenzangu wawili wananishawishi tuingie Spreepark, ile bustani ya michezo iliyofungwa kando ya mto Spree, tupige picha lile gurudumu kubwa la vibanda vya abiria na wale dinosauri walioanguka. Nimesikia gurudumu huzunguka lenyewe usiku. Ni kweli? Hatari ni zipi hasa, na tubebe nini?

Jibu: Nianze na habari itakayokuudhi. Gurudumu mnalolifuata halipo tena kama mlivyoliona kwenye picha. Lilifunguliwa kipande kwa kipande mwezi Januari 2021 ili likafanyiwe matengenezo. Picha nyingi zinazozunguka mitandaoni ni za kabla ya hapo, na nyingine ni za kabla ya moto wa Agosti 2014 ulioteketeza sehemu ya majengo. Bustani ilifunguliwa mwaka 1969, enzi za Ujerumani Mashariki, kwa jina la Kulturpark Plänterwald. Baada ya Ujerumani kuungana ilipata mwendeshaji binafsi na jina la Spreepark, ikafungwa mwisho wa msimu wa 2001. Jiji la Berlin lilichukua tena haki za eneo mwaka 2014, na tangu 2016 linasimamiwa na Grün Berlin, kampuni ya jiji lenyewe. Kwa hiyo toa kichwani picha ya magofu yasiyo na mwenyewe. Kwa miaka ya karibuni pale ni eneo la ujenzi, lina uzio, walinzi, na mashimo ambayo wiki iliyopita hayakuwepo.

Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko walinzi. Gofu lililokaa miaka kumi bila kuguswa unaweza kulisoma, maana kilichotaka kuanguka kwa kiasi kikubwa kimeshaanguka. Eneo la ujenzi hubadilika kila siku. Ramani aliyokuchorea rafiki mwezi uliopita inaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye mtaro wa mabomba.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Kuingia ndani ya eneo lililozungushiwa uzio bila ruhusa ni kosa chini ya kifungu cha 123 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Kesi hufunguliwa mwenye eneo akilalamika. Ukikata uzio au kuvunja komeo, hilo ni kosa jingine. Ukiondoka na kibao au tiketi ya zamani mfukoni, huo ni wizi hata kama kitu chenyewe kimeoza. Mwanafunzi mgeni anayetakiwa kurefusha kibali cha kukaa hana sababu ya kujitafutia faili polisi kwa ajili ya picha.

Njia halali ipo. Grün Berlin imekuwa ikiendesha matembezi yenye kiongozi ndani ya eneo. Yafuatilie kwanza, hata kama ni ya mchana, kwa sababu bila kuona mahali mchana hutapiga picha nzuri usiku. Kisha andika barua ya kuomba usiku mmoja. Barua inayokubaliwa ni ile inayompunguzia msimamizi kazi ya kufikiri: mko wangapi, mnaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, mtasimama sehemu zipi (weka ramani yenye alama), vifaa gani, picha ni za nini, na nakala ya bima ya dhima inayolipa ukimdhuru mtu au mali yake. Taja kwamba hamtapanda juu ya chochote na kwamba mtagharamia mlinzi wa kuwasindikiza ikihitajika. Wakikataa, omba kupiga kutoka nje ya uzio. Msitu wa Plänterwald una njia za umma, na lenzi ya milimita 135 au 200 hufika mbali. Nje ya Ujerumani kuna wenye maeneo ya aina hii wanaouza kiingilio cha usiku. Lake Shawnee, katika jimbo la West Virginia, Marekani, bustani iliyofungwa mwaka 1966, ni mfano mmojawapo: bembea na gurudumu vimebaki, na wenyewe hupokea wageni hata usiku.

Sasa tuseme ruhusa mmeipata, pale au penginepo. Kabla ya orodha ya vifaa, elewa kwa nini bustani ya michezo ni hatari kwa namna isiyofanana na kiwanda au hospitali iliyoachwa. Jengo la kawaida lilijengwa lisimame na libebe watu. Ndani ya bustani ya michezo, karibu kila kitu kilijengwa ama kiende, ama kiigize. Jabali ni wavu wa waya uliopakwa zege jembamba. Ngome ni plaiwudi iliyopigwa rangi. Daraja la kamba ni pambo ambalo halikukusudiwa kukanyagwa, na ziwa ni beseni la zege. Mchana jicho hugundua uongo huo haraka. Usiku, kwa mwanga wa tochi, jabali ni jabali, na mguu unaliamini.

Tuanze na lile gurudumu. Ndiyo, lilikuwa likizunguka kwa upepo, na mlio wake wa chuma uliwatia watu hofu. Hakuna jini hapo. Gurudumu tupu limepimwa uzito pande zote, kwa hiyo breki na mota zikishaondolewa au kuchakaa, kinachobaki kulizuia ni msuguano wa beringi tu. Upepo ukikamata vibanda vya abiria, linaanza taratibu. Tatizo kubwa ni mtu anayeingia kwenye kibanda. Mtu wa kilo 70 akiwa kwenye ukingo wa ubavuni, mita 20 kutoka katikati, analivuta gurudumu sawasawa na mzigo wa kilo 1,400 ulioning'inizwa mita 1 kutoka kwenye ekseli. Akiwa chini kabisa hakuna kinachotokea. Upepo ukimpandisha ndipo uzito wake unapoanza kulivuta gurudumu lirudi chini kwa kasi, na hakuna mtu wa kukanyaga breki. Gurudumu lolote lililoachwa lihesabu kuwa linatembea, na usisimame chini ya mzunguko wa vibanda vyake. Bawaba za milango na pini zinazoshika vibanda ndizo huliwa na kutu mapema.

Rola kosta, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi, ina mitego miwili. Wa kwanza ni behewa lililobaki mlimani au kwenye breki. Hushikiliwa na meno ya chuma, springi au shinikizo la hewa, na miaka ya kutu haikuyaongezea nguvu. Kusukuma behewa "tuone kama linasogea" ni mchezo wa kukatisha vidole: magurudumu huikumbatia reli juu, ubavuni na chini, na nafasi kati yake na reli haitoshi kidole. Mtego wa pili ni chuma cha kukubana mapajani. Wapiga picha wengi huketi, wakakivuta chini ili picha ipendeze. Chuma hicho kimeundwa kiende chini kwa meno na kisirudi juu mpaka mhudumu akifungue kwa kanyagio la nje, au umeme na hewa vikifungue kutoka kituoni. Umeme haupo, kanyagio limeganda, na wewe umefungwa. Zima moto watakuja kukikata, lakini baada ya saa ngapi za baridi? Ketini mkitaka, mradi chuma kiko juu na pamewekwa kipande cha mbao kukizuia kisishuke. Ushauri wangu ni kutoketi kabisa.

Nguzo za reli nyingi ni mabomba matupu ndani. Maji huingia juu kwenye nyufa za maungio, yakakaa chini. Berlin yanaganda kila majira ya baridi, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, ya kutosha kupasua bomba. Kwa hiyo nguzo inaweza kung'aa rangi nje huku ndani imebaki ganda. Gonga kwa spana mita moja kutoka ardhini na tena karibu kabisa na kitako. Sauti ikibadilika kutoka mlio kuwa kishindo butu, au rangi imevimba kama malengelenge pale kwenye maungio ya kuchomelea, kaa mbali nayo kwa umbali usiopungua kimo chake. Njia za mbao za mafundi kando ya reli ndizo huua haraka zaidi. Ubao huoza kuanzia pale ulipokaa juu ya chuma, mahali ambapo huwezi kuona, na huvunjika wote kwa mara moja. Chuma kilichowahi kukaa kwenye maji ya chumvichumvi ni kibaya zaidi ya vyote. Bustani ya Six Flags ya New Orleans ilikaa chini ya maji kwa wiki kadhaa baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, na haikuwahi kufunguliwa tena.

Maji ndiyo ninayoyaogopa kuliko urefu. Mchezo wa boti huwa na mfereji usiofika hata kifuani, kwa hiyo watu huudharau. Lakini mahali fulani kwenye mfereji huo pana kisima cha pampu, nacho kinaweza kuwa na kina cha mita kadhaa, kuta zake laini za zege zimeota utelezi na hazina ngazi. Juu yake hutanda mimea midogo ya kijani inayoelea, ikafumana kama zulia. Ukimulika usiku unaona nyasi fupi. Kanuni ni nyepesi: kila penye ukijani ulio bapa mno, tupa kokoto. Nyasi halisi haziko sawa kama meza. Mwezi wa Oktoba maji yale yana baridi ya kutosha kukumaliza nguvu mikononi ndani ya dakika chache, na mtu aliyevaa mabuti na mkoba wa kamera hapandi ukuta wa utelezi hata ukimpa mkono. Bebeni kamba ya mita 15 na muiweke mahali pa kufikiwa, si chini ya lenzi.

Wale dinosauri wenu ni faibaglasi juu ya fremu. Faibaglasi iliyopigwa jua miaka 20 huachia sindano ndogo zisizoonekana. Ukiuegemea mgongo wa dinosauri unajikuna siku mbili. Ukingo uliovunjika hukata kama chupa. Usipande, usikumbatie, na usimpandishe mwenzako mgongoni kwa ajili ya picha.

Ndani ya majengo, kama nyumba za mizimwi na njia za treni za gizani, nashauri msiingie usiku hata kwa ruhusa. Sakafu ni plaiwudi juu ya shimo la mitambo, kuta zimepakwa rangi nyeusi ili usizione, na njia imejipinda makusudi ili upotee mwelekeo. Mtu alilipwa kuifanya iwe hivyo. Mapaa ya bati za saruji yaliyojengwa kabla ya 1993, mwaka ambao Ujerumani ilipiga marufuku asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), yachukulie yote kuwa na asbesto. Haidhuru ikiwa imetulia. Inadhuru ikivunjwa, ikikanyagwa, ikifagiliwa. Barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini, inayokaza usoni ndiyo inayofaa. Kitambaa na barakoa za hospitali havizuii nyuzi zile. Hiyo hiyo itakusaidia kwenye vumbi la kinyesi cha njiwa.

Mkiwa watatu, idadi inatosha: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anaenda kuita msaada. Wawili ni wachache. Mtu wa nne awe nyumbani, ana ramani, na anajua saa ya mwisho ya kumpigia simu mlinzi au namba 112 asipowasikia. Saa hiyo iwe imeandikwa. "Tutarudi usiku" si saa.

Taa ndiyo sehemu watu wanayokosea sana, na si kwa kununua dhaifu. Tochi ya kichwani huangaza kutoka usawa wa macho, kwa hiyo kivuli cha shimo hujificha nyuma ya mwanga wenyewe na ardhi yote huonekana bapa. Ukiwa unatembea, shika tochi ya mkononi usawa wa paja na uilaze ielekee mbele. Kila tundu, waya na nondo iliyochomoza itatupa kivuli kirefu. Ile ya kichwani iache kwa kazi za mikono. Lumeni (kipimo cha mwanga) 200 hadi 300 zinatosha kwa kutembea. Tochi kali ya lumeni 2,000 hukupofusha ikigonga ubao mweupe, na macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza upya. Kila mtu awe na taa mbili na betri za akiba ndani ya koti, karibu na mwili. Miguuni, viatu vya kazi vyenye alama ya S3 na bamba la chuma kwenye soli, kwani msumari hautafuti ruhusa. Glavu za ngozi, suruali nzito, bandeji ya kubana, maji. Chanjo ya pepopunda iwe ndani ya miaka 10. Ukichomwa na kitu kichafu na imepita miaka 5, nenda ukachanjwe tena, usingoje.

Na sasa picha, maana ndiyo iliyowatoa nyumbani. Msiende Juni. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai anga la Berlin halifikii giza kamili. Oktoba ni mwezi mzuri: jua huzama mapema, majani yanapungua na vyuma vinaonekana. Chagueni siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huwa umeshachomoza kabla jua halijazama. Ingieni saa moja kabla ya machweo, mchague sehemu tatu tu za kusimama, muweke alama ya mkanda mweupe ardhini kwenye kila moja na kwenye njia ya kuziunganisha. Giza likiingia mnatembea kwenye mkanda, hamtafuti njia.

Pima mwanga kwa picha ya majaribio: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, uwazi wa lenzi f/4, sekunde 4. Ikitoka sawa, shusha hadi ISO 100 na muda unakuwa mara 32, yaani sekunde 128, dakika mbili na ushei. Ukitaka f/5.6 ili vyuma vya nyuma viwe vikali, zidisha mara mbili: dakika nne na robo. Hesabu hii huokoa usiku, kwa sababu kubahatisha kwa picha za dakika nne kunakula betri na uvumilivu. Kumbuka kamera ikiwashwa upunguzaji wa chembe kwa picha ndefu, hukaa muda uleule tena ikichakata. Wenye haraka wauzime upunguzaji huo. Kulenga, mulika kitu chenyewe, acha kamera ilenge, kisha hamisha ulengaji wa lenzi uwe wa mkono na uibandike utepe. Zima kitulizi cha mtikisiko ukiwa juu ya tripodi. Ning'iniza mkoba katikati ya miguu yake, lakini uguse ardhi kidogo, la sivyo upepo utaugeuza kengele.

Anga la jiji litakupa rangi ya machungwa. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, na mizani ya rangi uianzie kati ya kelvini 3,200 na 4,000. Kupaka mwanga kwa tochi kunahitaji kiasi: katika picha ya dakika mbili, sekunde 10 hadi 15 za tochi ya mwanga wa joto zinatosha, ukisimama ubavuni mwa kitu na kuusogeza mwanga kama unapiga brashi. Ukimulika kutoka kwenye kamera, kila kitu kitakuwa bapa kama picha ya kitambulisho. Anayepaka mwanga ndiye anayetembea gizani huku akiangalia juu, kwa hiyo ndiye anayeanguka. Apite njia yake mara moja akiwa na taa kabla hujafungua shata, na asirudi nyuma kinyumenyume hata hatua moja. Umande ukianza kuiziba lenzi, funga kifuko cha kupashia mikono kuizunguka kwa raba.

Nguruwe mwitu wapo Berlin, na wapo kwenye misitu ya jiji. Mkiwasikia wakikoroma, simameni, ongeeni kwa sauti ya kawaida, wapeni njia, na hasa msikae kati ya mama na watoto wake.

Mkirudi, vueni nguo za juu mlangoni na mzifue peke yake bila kuzikung'uta ndani. Kisha jikagueni kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, kwenye kinena. Kupe huwa hai hata Oktoba joto likiwa nyuzi 10. Mchomoe kwa kibanio, umshike karibu na ngozi na kumvuta moja kwa moja, bila mafuta wala kiberiti. Andika tarehe. Alama nyekundu inayotanuka siku au wiki chache baadaye, hata kama haiwashi, mwonyeshe daktari, na umwambie ulikuwa msituni.